Unyevu wa Bariamu na Mahindi Yangu

Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi. Hununua Kibaigwa, nikauza Dodoma mjini, na hakuna kitu kinachonitia hasara kama kile kidude cha kupima unyevu. Jumanne iliyopita ghala moja lilinirudishia magunia 20 ya kilo mia mia, kwa kuwa kidude kilisoma asilimia 14.2 ilhali kikomo ni 13.5. Nilijitetea kwamba mahindi ni makavu, shika uone, lakini kijana mpimaji akanitazama kama mtu aliyeyamwagia maji kwa ndoo. Nikayaanika upya uani Chang'ombe, ambako upepo wa Dodoma uliyakausha na, kama ujira wake, ukayajaza vumbi.

Jioni hiyo binti yangu wa kidato cha tatu akaniletea daftari la kemia.

“Baba, nisaidie hesabu hii. Wewe si mtu wa mizani?”

Swali lilitaka kujua gramu 6.1 za fuwele za bariamu kloraidi ni moli ngapi. Alinieleza kwamba moli ni hesabu ya vipande, kama dazeni, isipokuwa badala ya 12 ni 6.02 × 10²³. Hapo sikuona tabu, maana hata mtoto anajua kwamba dazeni ya mayai na dazeni ya matikiti hazilingani uzito. Moli moja ya bariamu ni gramu 137. Ya klorini ni 35.5, nazo klorini ziko mbili kwa sababu bariamu ina mikono miwili ya kushikana na wenzake na klorini ina mmoja. Jumla 208. Nikagawanya, nikapata 0.029, nikaegemea kiti kama mtu aliyekwisha kulipwa.

“Baba, umesahau maji.”

“Maji gani?”

Akanionyesha nukta iliyokaa katikati ya fomula, BaCl₂·2H₂O, nukta ambayo mimi niliidhania kuwa kinyesi cha inzi. Kumbe kila kipande kimebeba molekuli mbili za maji, gramu 36 katika kila moli, nayo hupimwa pamoja na mzigo, hivyo moli moja ni gramu 244 na jibu ni 0.025. Nilikirudia kikokotoo, si kwa ajili ya swali bali kwa ajili ya uchungu wangu: 36 katika 244 ni asilimia 14.75. Bariamu ina unyevu kuliko mahindi yangu na hakuna ghala linaloirudisha!

“Lakini ukiishika ni kavu, Baba. Maji yamo ndani ya fuwele, hutoka ukiipasha moto.”

Maneno hayohayo ndiyo niliyomweleza yule kijana.

Ukurasa wa pili ulikuwa msiba zaidi. Bariamu haidroksidi, Ba(OH)₂·8H₂O, ina gramu 315 kwa moli, na kati ya hizo 144 ni maji. Mtu akiniuzia gunia la namna hiyo Kibaigwa, tutaamuliwa polisi. Mabano nayo yaliniadhiri, kwani ile 2 ya nje niliizidisha kwa hidrojeni peke yake nikapata 155, wakati oksijeni nayo ilikuwa na haki yake, na jumla bila maji ni 171.

Kilichobaki kilikuwa kujua zile moli 0.025 zikigeuzwa zote kuwa bariamu salfeti zitatoa mashapo meupe kiasi gani. Moli moja ni gramu 233, kwa hiyo ni gramu 5.825. Mashapo hayo nayajua kwa ulimi wangu: mwaka juzi nilinyweshwa kikombe cha uji mweupe kama chokaa kabla ya kupigwa eksirei ya tumbo. Binti akasema kwamba bariamu kloraidi ni sumu kwa kuwa huyeyuka katika maji, ila salfeti haiyeyuki, hupita tumboni na kutoka kama ilivyoingia. Hilo la kutoka sikuhitaji kufundishwa.

Alhamisi nilirudi ghalani. Kidude kikasoma 13.1, kijana akatabasamu, kisha mizani ikasoma kilo 1,975.

“Mzee, kilo 25 zimekwenda wapi?”

Nikamjibu kwamba zilikuwa nyuma ya nukta.