Ulaya imefupisha fomu, kisha ikawaondoa wajazaji

Desemba 2025 Bunge la Ulaya na serikali za nchi wanachama walikubaliana kwamba ripoti ya uendelevu, ile inayoeleza kampuni inavyogusa mazingira, wafanyakazi na jamii, itadaiwa tu kwa kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 na mauzo ya mwaka yanayozidi euro milioni 450. Wanaoshangilia wanasema huku ni kurahisisha tu.

Malalamiko yao, kwamba ripoti hiyo ilikuwa mzigo mno, si ya uongo. Viwango vilivyotokana na sheria ya Ulaya ya 2022 iliyodai ripoti hizo vilikuwa na vipengele zaidi ya 1,000 vya taarifa, na mzigo haukuishia kwa waliotajwa na sheria. Mnunuzi mkubwa huko Ulaya akibanwa, hutuma dodoso kwa wanaomuuzia, na mwenye shamba la maua Naivasha hujikuta anajibu maswali ambayo hakuna bunge lililomtungia. Kwa hilo makubaliano mapya yana jema: mgavi mwenye wafanyakazi wasiozidi 1,000 anaweza kukataa maswali yanayovuka kiwango chepesi cha hiari.

Ila ugonjwa huo ulikuwa wa urefu wa fomu, na dawa yake ilishapatikana. EFRAG, chombo kinachoishauri Tume ya Ulaya kuhusu viwango hivi, kilipendekeza kufuta asilimia 61 ya vipengele vya lazima. Fomu ikishapungua kiasi hicho, kuna haja gani tena ya kuwaondoa wajazaji?

Sheria ya kwanza, ya 2014, ilizihusu kampuni zipatazo 11,700. Ikaonekana hazitoshi, na ile ya 2022 ikalenga takriban 50,000. Februari 2025 Tume ikapendekeza kuondoa asilimia 80 ya hizo, maana yake zibaki kama 10,000, pungufu ya zile za 2014. Hapo kigezo cha mauzo kilikuwa euro milioni 50 tu, au mali ya euro milioni 25. Wabunge na mawaziri wakakipandisha hadi 450. Mageuzi yaliyoanzishwa ili kupanua wigo yameishia kuwa na wigo mwembamba kuliko sheria yaliyokuja kuirekebisha. Sioni urahisi gani unaoeleza hilo.

Husemwa pia kwamba wafanyabiashara wenyewe ndio walioomba. Wengine, ndiyo. Lakini Januari 2025 Unilever, Nestlé, Mars na Ferrero walikuwa miongoni mwa waliosihi sheria isifunguliwe upya. Hawa si wanaharakati. Walishatumia fedha kujiandaa, na aliyejiandaa hapendi kuona mshindani wake anasamehewa.

Kwetu mwelekeo ni mwingine. Bodi ya wahasibu ya Kenya, ICPAK, imepanga viwango vya kimataifa vya kuripoti uendelevu, S1 na S2, viwe vya lazima kuanzia 2027 kwa taasisi zenye maslahi ya umma, kama benki na kampuni zilizo kwenye soko la hisa. Ni hatua nzuri, ingawa viwango hivyo vimeandikwa kwa ajili ya mwekezaji: vinauliza ukame au mafuriko vitaigharimu nini kampuni. Kampuni inaufanyia nini mto unaopita nyuma ya kiwanda ni jambo linaloingia pale tu linapogusa hesabu zake. Sheria ya Ulaya ililazimisha maswali yote mawili, na sasa wanaodaiwa jibu la hilo la pili wamebaki wachache.