Mjomba Aliyeamka kwenye Asilimia 15

Kitabu changu kinahusu kukoroma. Usicheke, kuna ndoa zimevunjika.

Niliwaandikia mawakala wa waandishi, yaani wale wanaomtafutia mwandishi mchapishaji, barua ya ukurasa mmoja: kitabu kinahusu nini, nani atakinunua, na kwa nini niandike mimi badala ya daktari wa koo. Hapo kwenye "kwa nini mimi" ndipo nilipokuwa nakwama, maana sifa yangu kubwa ni kulala chumba kimoja na mjomba wangu utoto wote. Wachache walijibu kwa upole kwamba hakiwafai. Wengi walinyamaza, na kwa mawakala kimya nacho ni jibu. Mmoja akasema: lete pendekezo.

Kwa wasiojua, kitabu kisicho cha hadithi za kubuni mara nyingi huuzwa kabla hakijaandikwa. Unapeleka muhtasari, wasifu wako, maelezo ya wasomaji unaowalenga, vitabu vya karibuni vinavyokaribiana na chako, mpangilio wa sura, na sura moja au mbili za mfano. Sura yangu ya mfano ilimhusu mtu niliyemwita Mzee M.

Wakala akaipenda, akataka tuongee kwa video. Siku yenyewe, muda mfupi kabla ya kupigiwa, nikasikia hodi. Mjomba huyo, hana taarifa wala nini. Ni dalali wa viwanja, amestaafu kwa jina tu.

"Endelea na shughuli zako, mjomba. Mimi najinyoosha kidogo hapa."

Hapa ni kwenye kochi nyuma ya kiti changu, sebuleni, mahali pekee ndani ya nyumba ambapo mtandao unashika.

Wakala akaja hewani, akaniomba ruhusa ya kurekodi kwa ajili ya kumbukumbu zake. Hata salamu hazijaisha, nyuma yangu kukaanza. Akakunja uso.

"Kuna mtu anaburuta meza huko?"

"Nadhani ni mtandao."

Tukakata, tukapigiana tena. Meza ikaendelea kuburutwa. Nikaona nifiche nini, nikageuza kamera. Mjomba amelala chali, na chali ndiyo mbaya zaidi: ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inabana, nyama laini za koo zinatetemeka. Mdomo wazi, miwani imepanda kwenye paji la uso, kiatu kimoja kimevuliwa na kingine kimesahauliwa. Ghafla, kimya.

"Amekufa?"

"Hapana, pumzi imekata kidogo. Kuanzia sekunde 10 madaktari wanaanza kuhesabu."

Tukahesabu pamoja kwa kunong'ona. Tulipofika 12, Mjomba akarudi duniani kwa mkoromo uliorusha kijiko changu kutoka kwenye kisahani.

"Kitabu hiki nakitaka," wakala akasema. "Tuongee masharti. Kamisheni yangu ni asilimia 15..."

Mjomba akafumbua macho. Mtu huyu hata king'ora hakimwamshi.

"Asilimia 15 ya nini?"

"Ya kila anacholipwa na mchapishaji, mzee wangu. Haki zikiuzwa nchi nyingine inakuwa 20, kwa sababu kuna wakala wa huko nagawana naye."

"Kumi."

"Mzee, ndiyo kiwango cha kawaida."

"Kumi na moja, na udalali wangu wa kukuletea mteja nakusamehe. Na hela ya kusoma makaratasi yake unataka ngapi?"

"Sichukui chochote mwanzoni. Wakala anayedai hela ya kusoma, mkimbieni. Mimi nalipwa yeye akilipwa."

Mjomba akaninong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka nje: "Dalali haombi hata hela ya kuonyesha? Mjomba, kuna kitu hapa."

Wakala, kwa subira ambayo sijui aliitoa wapi, akamweleza kuhusu malipo ya awali ambayo mchapishaji humpa mwandishi: yanakuja kwa mafungu, moja wakati wa kusaini, jingine muswada ukikabidhiwa na kukubaliwa, jingine kitabu kikitoka.

"Ukikabidhiwa? Kwani hajauandika?"

"Bado, mzee."

Mjomba akaketi. "Yaani mnauza kitu ambacho hakipo, mnunuzi anajua hakipo, na hakuna anayekwenda polisi?"

"Hakuna."

"Na mimi nimemaliza ujana wangu nikiuza viwanja vilivyopo!"

Akaikubali 15 palepale, kwa heshima ya fani.

Tungeishia hapo, tungekuwa tumeshasaini. Lakini wakala akamtazama vizuri, akaniuliza kama huyu ndiye Mzee M., kwa sababu mchapishaji atataka ruhusa yake ya maandishi. Mjomba akaomba asome. Akashusha miwani, akasoma ukurasa wa kwanza taratibu, midomo ikicheza. Nikajiandaa: sasa ataomba asilimia.

"Siwezi kusaini uongo," akasema. "Mimi sikoromi."

Nikamtazama wakala. Wakala akaichezesha rekodi. Mjomba akasogea karibu na spika, akainamisha kichwa, akasikiliza yote: meza, kimya, sisi tukihesabu, ule mkoromo wa kurudi. Ilipokwisha alikuwa amebadilika uso kabisa.

"Huyo mtu," akasema, "mpelekeni hospitali."