Thomu sawa, lakini chanjo iko wapi?

Kuku akianza kukoroma usiku hapa Mombasa, uwe waishi Kisauni, Likoni ama Mikindani, dawa ya kwanza utakayoambiwa ni kitunguu thomu. Twanga, tia kwenye maji, atapona. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wafugaji hujamaliza hata kueleza dalili mtu ashakujibu thomu, mwengine aongeza mwarobaini, mwengine mshubiri. Mimi thomu naitumia na sitaiacha, lakini kwa kweli tumeipa kazi isiyo yake, na wanaoumia ni wale kina mama ambao karo ya watoto yatoka kwenye hilo banda la nyuma ya nyumba.

Nawaelewa sana wanaoipenda. Thomu iko sokoni Kongowea kila siku, bei yake yajulikana, na haikuachii dawa kwenye mayai. Ukienda agroveti, duka la dawa za mifugo, ukapewa antibayotiki unatakiwa usiuze mayai wala nyama mpaka siku zilizoandikwa kwenye pakiti ziishe, na tuseme ukweli, wangapi wanasubiri? Kwa hiyo mtu akiniambia anataka kupunguza madawa nampa mkono.

Ila basi tuitumie inavyotakiwa. Wengi wanaichemsha nzima nzima mpaka jikoni kote kunanuka, wakidhani ikiiva ndo inakuwa kali zaidi. Ni kinyume. Ndani ya punje kuna kitu kinachogeuka kuwa allisini, ile yenye harufu kali ya kuchoma macho, na hakigeuki mpaka punje ipondwe ikutane na enzaimu yake, sasa ukiichemsha nzima enzaimu yafa kabla haijafanya kazi na unabaki na supu tu. Ponda mbichi kwenye kinu, iache kama dakika kumi, alafu tia kwenye maji baridi. Na jioni mwaga, kwa joto letu hili maji ya thomu yakilala yanachacha na kuku hawayanywi, na kuku mgonjwa asiyekunywa maji ushampoteza.

Hiyo allisini yenyewe si hadithi. Chester Cavallito na mwenzake waliitenga Marekani mwaka 1944 na wakaonyesha inaua bakteria, na maabara nyingi baada ya hapo zimeona vivyo hivyo. Lakini kuua bakteria kwenye kisahani cha maabara ni mbali na kuua kitu kilichojificha kwenye kifua cha kuku, mana allisini ikikutana na damu yavunjika haraka mno. Kuku mwenyewe hana mapafu peke yake, ana mifuko ya hewa tisa imeenea mwilini na mingine imefika hadi ndani ya mifupa, kwa hivyo ugonjwa ukishaingia huko ndani, maji aliyoyanywa tumboni yataufikiaje?

Mbona basi watu wanaapa kwamba iliwaponyeshea kuku? Hapa ndo nataka tutulie kidogo, mana hawa watu hawadanganyi, waliona kwa macho yao. Chukua mafua makali ya kuku, yale ya bakteria, uso unafura chini ya macho, pua zatoa uchafu unaonuka vibaya mpaka ukimshika mkononi harufu yakubakia. Huo ugonjwa wasambaa upesi ila wenyewe mara nyingi hauui wengi, na baada ya wiki mbili tatu wengi uso washuka na wanaanza kula. Ama ile kifua sugu ya maikoplasma, bakteria mwengine huyo, kuku anakoroma, anapoa, anakoroma tena. Sasa kama siku zote hizo ulikuwa watia thomu, lazima utasema ni thomu. Lakini kuku aliyetulia hivyo bado anabeba mdudu, na maikoplasma yapita mpaka kwenye yai, kwa hivyo ukichukua mayai yake ukaangulisha umeangulisha na ugonjwa. Ikija mvua ya mwezi wa tano ama ukileta vifaranga wapya, yote yanaanza upya na wewe washangaa yametoka wapi.

Na hayo ndo yale mapole. Kideri, ndo hiyo Newcastle, hakina mchezo. Na sisi watu wa pwani tungekuwa wa kwanza kukiogopa, mana taarifa za kwanza za Newcastle hapa Kenya zilitoka upande huu wetu wa Mombasa mwaka 1935. Ni kirusi. Kinaanza na kukoroma na kuhema vilevile, siku ya pili tatu kinyesi cha kijani, wengine shingo inapinda, bawa linaning'inia, na banda lisilochanjwa laweza kubaki tupu kabisa. Jirani yangu mmoja alikuwa na kuku wa kienyeji wazuri mashallah, walipoanza kukoroma akaambiwa thomu, akatia asubuhi na jioni kwa moyo wake wote, na wagonjwa akawaacha pamoja na wazima wakinywea beseni moja. Nilipofika kuna tetea alikuwa amelala ubavu, kichwa kimegeukia mgongoni, ajaribu kudona mchele chini na mdomo wampita pembeni kila mara. Yule mama aliniuliza kama aongeze punje. Mpaka leo sina amani nikilikumbuka hilo swali, mana hakuna punje za kutosha kwa kideri, wala antibayotiki, kikishaingia hakina dawa.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa kuhusu kuku anayekoroma, sianzi na dawa, naanza na hewa. Watu wanafunga mabanda kwa maturubai na mabati pande zote wakiogopa wezi na baridi, baridi gani Mombasa jamani! Chini maranda yashalowa, kinyesi kimerundikana, amonia, ile hewa kali ya kinyesi, yapanda. Usiinuse umesimama mlangoni. Ingia asubuhi mapema kabla hujafungua kitu, chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wa kichwa cha kuku, kaa hapo kidogo. Macho yakianza kuwasha basi ujue wao wamelala humo usiku kucha, na vile vinywele vidogo vya kwenye koo vinavyosukuma uchafu nje vishaharibika, hapo mdudu yeyote anaingia bila kubisha hodi. Toa maranda yenye maji, fungua pande mbili upepo upite, weka wavu wa chuma badala ya bati, mwizi hapiti na hewa inapita. Maranda yenye ukungu usiweke kabisa hasa kwa vifaranga, ukungu wake waingia kifuani na kuwaua.

Alafu kuna hii ya joto. Kaskazi ikiwaka mchana kuku wote wanaachama mdomo na kuachia mabawa, na kuna watu hukimbilia thomu hapo hapo. Sikiliza kwanza. Wa joto anahema haraka bila mlio na jioni anakuwa sawa. Mgonjwa ana mlio, anakoroma hata usiku kukiwa kumepoa, ananyoosha shingo juu kutafuta hewa. Wa joto mpe kivuli na maji baridi, mgonjwa mtenge siku hiyo hiyo. Na wale unaowanunua sokoni kuelekea Idi ama Krismasi wakae peke yao wiki mbili kabla ya kuchanganywa, huo ndo msimu kuku wanahamahama na magonjwa yao.

Chanjo ya kideri najua shida yake iko wapi. Chupa moja ina dozi nyingi na ikishachanganywa ni ya kutumia ndani ya saa chache, sasa mwenye kuku kumi anaona atamwaga pesa. Mbona tusishirikiane? Mtaa mmoja, chupa moja, asubuhi moja kabla ya jua kali, mnapita nyumba kwa nyumba tone kwenye jicho kila kuku, na mwarudia kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Ulizia ile ya I-2 inayostahimili joto, ilitengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji, japo hiyo pia si ya kuachwa juani. Ila chanja wazima tu, usingoje waanze kukoroma. Ukitumia chanjo ya kunywa, maji ya mfereji yenye klorini yataiua, na siku hiyo thomu isiingie kwenye maji hata punje moja.

Na wakianza kufa wengi kwa pamoja usiulize grupu. Maabara ya mifugo ya serikali iko Mariakani, pigia ofisa mifugo wa eneo lako akuelekeze, chukua aliyekufa sasa hivi, mfunge kwenye mifuko miwili, mtie kwenye kontena lenye barafu, na umpeleke siku hiyo hiyo kabla hajaoza.