Nilivyoenda ukweni na mikono ya kijani

Ilikuwa hivi, jioni natakiwa kujitambulisha ukweni Mbagala, asubuhi nina praktiko ya maikrobaiolojia chuoni, na praktiko yenyewe ni kupaka rangi spora za bakteria, yaani bakteria akiwa amejifungia kwenye ganda lake amelala. Rangi inaitwa malakaiti, kijani cha kufa mtu, unaimwaga kwenye slaidi halafu unaiweka juu ya mvuke wa maji yanayochemka dakika kama 5, maana spora ina ganda gumu, bila moto rangi haiingii, ila ikishaingia suuza na maji mpaka uchoke haitoki. Seli za kawaida unazipaka nyekundu, ukichungulia kwenye hadubini unaona kijani kimelala ndani ya nyekundu, raha tupu.

Mwenzangu wa meza moja akapiga chafya, kiwiko kikagonga chupa, chupa yote ikaishia mikononi mwangu. Glavu boksi tupu. Halafu kuna jasho, nikajifuta, basi na kidevu nacho.

Nilisugua ndimu, sabuni ya unga, mpaka stilwaya ya sufuria, wapi. Kwenye daladala konda akapokea hela, akaigeuza, akaniangalia mikono, "Bro, hii umeprinti mwenyewe?"

Kufika, mzee katoka na kanzu nyeupe pee. Nikapiga shikamoo ya mbali mikono nyuma, mjomba ananinong'oneza toa mkono wewe utaonekana una kiburi. Nikatoa. Mzee akaugeuza, "Kijana, unapaka mageti?"

Nikasema hapana mzee, ni bakteria. Akauachia taratibu. Ikabidi nieleze sasa, huyu mdudu anaitwa Bacillus subtilis, anakaa zake udongoni hana neno na mtu, ila chakula kikiisha anabadilika umbo. Siku zote anajigawa katikati, akiwa na njaa anajigawa pembeni, panatokea kipande kikubwa na kidogo, halafu kile kikubwa, tunakiita seli mama, kinamzunguka mdogo mpaka kinammeza mzimamzima.

Shangazi mtu akaruka, "Mama gani anameza mwanawe!"

Anamtunza shangazi, anamvisha koti nene, juu yake magamba ya protini, ndani maji yanapungua panajaa kalsiamu na asidi ya dipikoliniki, kazi ya masaa kama 8 hivi, halafu mama anapasuka anakufa, mtoto anabaki spora, hali, hakui, anangoja tu hata miaka.

"Maskini mama wa watu." Sebule nzima ikaingia huruma, nami nikajua hapa nimeshapendwa.

Mzee akauliza, si mnamchemsha tu anakufa? Nikajibu kwa furaha kabisa, hafi mzee, nyuzi 100 anavumilia, mpaka umpe mvuke wa presha nyuzi 121 dakika 15. Tena ana ndugu yake Bacillus cereus, huyo mpenzi wa mchele, unapika wali yeye yumo na koti lake, ukikaa nje masaa anaamka, anazaana, anamwaga sumu, ukila unatapika vibaya mno.

Pazia likafunguka, sinia la pilau linaingia.

"Imepikwa saa ngapi?" mshenga akauliza. Yani katika maswali yote ya duniani.

"Asubuhi," mama mkwe akajibu.

Mjomba, ambaye njia nzima alikuwa anaisifia pilau ya ukweni, ghafla kashiba. Mzee akala kachumbari peke yake. Nikala mimi, sinia la watu wanne, mama mkwe kasimama mlangoni ananihesabia matonge, na tumbo hata halikulalamika.

Majibu akayaleta mshenga. Mkaja wa mama upo, kilemba cha mjomba kipo, blanketi la bibi lipo, halafu chini kabisa kwa mwandiko mwingine, "presha kuka, ile kubwa." Nimeshanunua. Kwamba sumu ya wali uliolala hata hizo nyuzi 121 haiziogopi, hilo atawaambia mjomba.