Turbiloni kwenye saa ya mkononi: ina kazi, au ni pambo?

Saa yangu ya kimakanika niliifanyia jaribio ambalo yeyote anaweza kulifanya nyumbani. Kila jioni niliijaza hadi mwisho na kuilinganisha na saa ya simu. Wiki ya kwanza ililala mezani, uso ukitazama dari. Wiki ya pili niliisimamisha kwa ubavu, imeegemea kikombe. Ikilala, kila asubuhi niliikuta imetangulia sekunde tatu au nne. Ikisimama, ilichelewa karibu sekunde sita. Saa ileile, springi ileile, chumba kilekile. Kilichobadilika ni mkao tu.

Turbiloni, yaani kizimba kidogo kinachozunguka ndani ya saa, ilibuniwa kwa ajili ya tofauti hiyo hasa. Moyo wa saa ni gurudumu la mizani, linalocheza kwenda na kurudi kwa nguvu ya springi nyembamba kama unywele. Ni vigumu mno kulipata gurudumu lenye uzito sawasawa pande zote. Saa ikilala, upande mzito hauna la kufanya. Ikisimama, dunia inauvuta upande ule, na mwendo wa gurudumu unaharakishwa au unacheleweshwa kutegemea uzito umekaa wapi. Abraham-Louis Breguet, mzaliwa wa Neuchâtel aliyefanyia kazi Paris, alipata wazo ambalo mpaka leo naliona la akili sana: kosa usiloweza kuliondoa, lizungushe. Akaliweka gurudumu, springi yake na eskepimenti, yaani zile sehemu zinazotoa mlio wa tiki-tiki, ndani ya kizimba kinachojizungusha, siku hizi kwa kawaida mzunguko mmoja kwa dakika. Hataza yake ilitolewa tarehe 26 Juni 1801. Kizimba kikiwa upande huu saa inawahi kidogo, kikigeuka inachelewa kidogo, na mzunguko ukitimia hesabu inasawazika.

Tunaposema kwamba chombo hiki hakina maana, tunasahau saa za wakati ule zilivyotunzwa. Mchana saa ilikaa mfukoni mwa kizibao, imesimama wima. Usiku ilitundikwa, wima tena. Kwa hiyo Breguet alikuwa anatibu ugonjwa halisi uliodumu saa ishirini na nne. Hata hivyo kazi yake ilikuwa ngumu kiasi kwamba hadi anafariki mwaka 1823 turbiloni zake zilizouzwa zilikuwa takriban 35 tu.

Leo saa iko mkononi, na mkono hautulii. Ukiandika una mkao mmoja, ukishika usukani mwingine, ukitembea saa inaning'inia pembeni ya paja. Mkono wenyewe unafanya sehemu kubwa ya kazi ya kizimba. Tena turbiloni ya kawaida haisaidii lolote saa ikiwa imelala, maana kizimba kinazunguka kwenye ubapa uleule. Ukiiweka saa kitandani uso juu hadi asubuhi, umenunua mzunguko usio na kazi.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Kizimba kinakula nguvu. Kwa kila mpigo, springi kuu, ile unayoijaza, inalazimika kukisukuma chote, kikisimama na kuondoka tena, mara kadhaa kwa sekunde. Ndiyo maana mafundi hupigania kukifanya kiwe chepesi, chini ya gramu moja. Gurudumu likikosa nguvu linacheza kwa upana mdogo, na hapo makosa mengine huongezeka. Kizimba chenyewe kisipokuwa na uzito uliosawazishwa, kinaleta ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Na dawa nyingine zimepatikana. Charles Édouard Guillaume alipewa Nobeli ya fizikia mwaka 1920 kwa utafiti wake wa aloi, yaani michanganyiko ya metali, za nikeli na chuma, na aloi alizozibuni zilizipa saa springi zisizoyumbishwa na joto. Siku hizi kuna springi za silikoni. COSC, taasisi ya Uswisi inayopima saa, hukubali wastani wa kuchelewa sekunde 4 hadi kutangulia sekunde 6 kwa siku, na saa nyingi zisizo na turbiloni hufaulu. Rolex imejiwekea kiwango cha sekunde 2 mbele au nyuma kwa siku, bila kizimba chochote. Saa ya betri sitaki hata kuilinganisha: fuwele ya kwatzi iliyo ndani yake inatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na saa ya bei ya chini kabisa inaishinda turbiloni bila jasho.

Hapa wengi hufunga mjadala. Mimi siwezi kuufunga, kwa sababu ya Le Locle. Mwaka 2009 mashindano ya usahihi wa saa yalirudishwa katika mji huo wa Uswisi, na nafasi ya kwanza na ya pili zilikwenda kwa saa mbili za kampuni ya Jaeger-LeCoultre, zote zenye turbiloni. Mwaka 2011 ikashinda kampuni ya Greubel Forsey kwa turbiloni yake pacha, kizimba ndani ya kizimba, alama 915 kati ya 1,000. Anayesema turbiloni ni pambo tupu lazima alijibu hilo.

Jibu langu ni hili. Kwenye vipimo vya namna hiyo saa inawekwa mkao mmoja na kuachwa hapo muda mrefu, kisha inageuzwa mkao mwingine. Huo ni mfuko wa kizibao uliorudi kwa sura nyingine. Turbiloni inang'ara pale ilipobuniwa ing'ae. Tena inampa fundi nafuu ya kweli: mikao yote ya wima inakuwa kama mmoja, akabaki na mikao mitatu ya kusawazisha badala ya sita. Lakini fundi huyo ni mtu aliyekaa na saa moja kwa wiki kadhaa, na mchango wa mkono wake hautenganishwi kirahisi na wa kizimba.

Ninawaheshimu zaidi wale waliolikabili tatizo la mkono wenyewe. Greubel Forsey wanakilaza kizimba cha ndani kwa nyuzi 30, na wengine wanakizungusha kwa ekseli mbili, ili hata saa iliyolala ipate faida. Huko kuna swali la kweli linalotafutiwa jibu.

Kinachoniudhi ni turbiloni iliyowekwa kwa ajili ya dirisha. Breguet aliificha yake ndani ya mtambo. Siku hizi uso wa saa unatobolewa penye namba 6 ili jirani aione. Mwaka 2016 TAG Heuer waliiuza ya kwao kwa chini kidogo ya faranga 15,000 za Uswisi, na viwanda vya China kama Sea-Gull cha Tianjin vinauza kwa bei ya chini zaidi ya hapo. Mashine zinazoongozwa na kompyuta zimeirahisisha kazi. Silalamiki kwamba imeshuka bei. Nasema tu kwamba kuwapo kwa kizimba hakuthibitishi tena mkono wa bingwa. Ukitaka kuuona mkono huo, shika lenzi utazame kona za ndani za daraja la chuma linaloshikilia kizimba. Kona kali inayoingia ndani, yenye ukingo uliong'arishwa hadi kwenye ncha, hutengenezwa kwa tupa na kijiti cha mbao, milimita kwa milimita. Kwa ufundi huo mtu akilipa fedha nyingi simlaumu hata kidogo. Ajue tu kuwa ndicho alicholipia.

Muuzaji akikuambia saa hii inashinda mvutano wa dunia, mwombe karatasi ya vipimo: sekunde ngapi kwa siku ikilala uso juu, uso chini, na ikisimama kwa kila ubavu. Aliyeisawazisha saa kweli anazo namba hizo.

Ile saa yangu niliipeleka kwa fundi. Aliifungua, akaiosha, akatia mafuta mapya, akainyoosha springi iliyokuwa imekaa upande kidogo. Nilirudia jaribio la kikombe. Tofauti ya karibu sekunde kumi kati ya kulala na kusimama ilishuka hadi nne.