Jipu na GP

Wazee, naandika haya nimesimama. Sijakaa tangu juzi na msiniulize kwanini, nafika huko.

Sisi wa Uingereza mnatujua, saa mbili kasoro tano asubuhi tumekodolea simu kama tunasubiri matokeo ya uchaguzi, laini ya GP, daktari wa mtaa, inafunguliwa saa mbili kamili, ukichelewa dakika moja we ni wa 27 kwenye foleni na kinanda kinakulilia sikioni. Eti tangu Oktoba 2025 fomu ya mtandaoni lazima iwe wazi mpaka saa kumi na mbili unusu jioni. Nikaijaza. Ikaniambia kama ni haraka piga simu.

Basi nikapiga, niko chumba cha madereva depoti, wenzangu nane wanakunywa chai. Dada wa mapokezi, sauti ya asali: tatizo ni nini? Nikajibu kistaarabu kwamba ni jambo la faragha. Akasema lazima ajue ndo aamue niende kwa daktari, nesi au famasia. Nikanong'ona, jipu. Hasikii. JIPU! Wapi? Nyuma. Mgongoni? Shuka chini. Kiunoni? Dada, shuka tena! Chai zote zikasimama hewani. "Sawa, nakutumia linki, piga picha utume."

Mtu mzima miaka 52, mahari ya binti nimepokea, niko chooni kazini suruali magotini, shingo imegeuka kama bundi, nalipiga kalio picha ya paspoti. Nikatuma. Jibu likaja: picha ina giza, tafadhali sogea kwenye mwanga. Nisogee wapi, kituo cha basi??

Mwisho wakanitupa famasia. Famasia wa watu, mpole, akasema tangu 2024 wanatibu magonjwa 7 bila daktari, koo, mkanda wa jeshi, na kadhalika, jipu halimo. Ila kung'atwa na mdudu pakatunga usaha, hiyo imo. Nikamwambia basi ni mbu. Akachungulia dirishani, theluji inaanguka. "Mbu, Januari hii?"

Nyumbani Tanzania, enzi za Magufuli walitumbua majipu nchi nzima, yaani kufukuza mafisadi kazini, mi langu moja tu limekosa mtumbuaji. Na kesho nina zamu ya masaa nane, ya KUKAA!

Mwenye mto laini aniazime. Na aliyeondoka na sufuria langu la pilau kwenye ile harusi ya mwezi wa nane alirudishe, lile la mama mkwe, anauliza kila akipiga simu.