Embe za Shekilango

Mke wangu alinikabidhi kazi hii jikoni, anakuna nazi, wala hakuinua uso. "Baba Nuru, mwanao sauti imeshakuwa nzito, anaoga mara tatu kwa siku na manukato yako yanaisha. Kaongee naye."

Nikamkumbusha kwamba tangu enzi na enzi mambo haya ni ya mjomba. Akasema mjomba mwenyewe yuko Mbeya, ana watoto kwa mama watatu. Mjomba akatoka kwenye hesabu.

Yeye upande wake alishamaliza. Mwaka 2018, chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, binti yetu alirudi kutoka shuleni na maswali lundo, mama akamjibu yote kabla wali haujakauka. Mimi nilikuwa sebuleni. Niliongeza sauti ya mpira.

Nikachagua gari. Kwenye gari hamtazamani usoni, na foleni ya Barabara ya Morogoro haina pa kukimbilia. Nikamchukua kijana tuisheni Magomeni, tukafika njia panda ya Shekilango, tukagota. Mabasi ya mwendokasi yanatupita kwa raha zake. Nilisahau kitu kimoja tu: kioo cha upande wangu kimekufa tangu Pasaka, hakipandi.

Nikakohoa. "Mwanangu, umekua."

"Ndiyo, baba."

"Sasa... shamba lina matunda."

"Shamba la Mkuranga?"

"Hapana, matunda kwa ujumla. Ukila tunda bichi, tumbo linaweza... si lako, la mwenzako. Kwa hiyo unasubiri liive."

"Haya yameiva, bosi! Embe dodo, tatu elfu!"

Mfuko wa embe ulikuwa umeshafika kwenye usukani. Nikanunua ili aondoke. Hakuondoka, eti anatafuta chenji.

"Baba," kijana akasema taratibu, kama anamvusha mzee barabara, "unazungumzia ngono?"

Bodaboda aliyekuwa ubavuni akazima pikipiki. Dar, mtu wa boda hazimi pikipiki hivi hivi.

Nikaona bora niende kwa vitendo. Nikafungua waleti, nikachomoa kondomu niliyoiweka maalumu kwa somo hili. Niliinunua akiwa darasa la nne, nikawa naahirisha wiki hadi wiki. Sasa yuko kidato cha tatu.

Akaipokea kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga. "Baba, hii imeisha muda wake Machi 2023."

"Halafu mzee, waleti si mahali pake," akadakia wa boda. "Joto, na unaikalia kutwa. Inachoka, inakuja kupasuka kazini."

Muuza embe akasema wapo wanaopaka na mafuta ya mgando. Mwanangu akatikisa kichwa: mafuta yanaozesha mpira, kinachofaa ni kilainishi cha maji, mwalimu wa biolojia kawaambia. Kisha akauliza swali ambalo naamini lilikuwa langu, ila hakunitazama mimi. "Na mtu akishateleza, akaogopa Ukimwi?"

"Ndani ya saa 72, dogo," wa boda akajibu. "Unakimbia kituo cha afya, ukiwahi ndiyo bora. Wanakupima, wanakupa dawa za kuzuia, unameza siku 28 bila kuruka." Amejuaje, sikuuliza.

Taa ikawaka kijani. Nyuma yetu honi zinalia kama harusi, na sisi wanne tumetulia, kikao kinaendelea. Mmoja tu ndiye hakuwa na la kuchangia, naye ndiye aliyeitisha.

Nyumbani mama akatufungulia geti. "Haya, mmeongea?"

"Tumeongea vizuri sana," kijana akasema, anampa mfuko wa embe. "Ila mama, ulijua baba ana kondomu kwenye waleti tangu niko darasa la nne?"

Mama Nuru akaweka embe chini, akafuta mikono kwenye khanga, akaunyoosha mmoja kwangu.

"Lete hiyo waleti."